Mchuzi wa Mala

Nilipokuwa kidato cha pili, Mhindi aliyemwajiri baba alifunga duka lake la vitambaa akahama na familia yake. Baba alikuwa dereva wake tangu sijazaliwa. Basi akarudi kwetu Kariobangi, akakaa kwenye kiti karibu na redio, wala hakuinuka wiki tatu. Sawa, choo alienda. Lakini kula, hapana. Chai ya rangi na kipande cha mkate, basi. Mama, ambaye anauza nyanya sokoni, alijaribu ndengu, akajaribu githeri ya mahindi na maharagwe, mpaka kuku akachinjwa. Baba alionja, akashukuru, akasukuma sahani.

Mimi hufanyia mzaha kila kitu, hata mazishi. Siku nilipomwona akitoboa mshipi wake tundu jipya kwa msumari, nilitoka nje nikaanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumamosi iliyofuata, mama akiwa sokoni, nikakumbuka ule mchuzi. Mke wa tajiri alikuwa akimpa baba aulete nyumbani kwenye mkebe: maziwa lala, yaani mala, unga wa dengu, tangawizi, pilipili na manjano, mwepesi, wenye uchachu wa kukufanya ufinye jicho moja. Tulikuwa tunaumwagia wali na kugombana. Nikanunua pakiti mbili za mala, nikajifungia jikoni, yaani nikavuta pazia.

Kwetu maziwa ni ya chai, na maziwa ya chai huchemshwa mpaka yapande. Nikamimina pakiti moja, nikawasha stovu moto wote, nikangoja yapande. Hayakupanda. Yalikatika. Juu maji ya kijani, chini mabonge kama godoro la zamani.

"Nini kinanuka?" baba akauliza kutoka kwenye kiti.

"Chakula chako!"

"Kimekufa lini?"

Hayo yalikuwa maneno yake marefu zaidi wiki hiyo. Nikasikia kiti kikilia. Pazia likafunguka, na mzee ambaye sikuwahi kumwona akishika mwiko akachungulia sufuria.

"Mwaitu," akasema. Huniita hivyo, yaani mama, kwa sababu nimebeba jina la nyanya, mama yake. "Nani alikwambia mala huchemshwa namna hii?"

"Mwalimu wa sayansi."

"Mwambie amefeli."

Akamwaga mabonge, akafungua pakiti ya pili. Akakoroga mala na unga wa dengu vikiwa baridi, mpaka hakukuwa na donge hata moja. Akatia viungo, moto akaushusha ukawa mdogo kabisa. "Sasa koroga. Ukiacha, itakatika." Miaka yote hiyo, kumbe, alikuwa akingojea chakula chake cha mchana kwenye mlango wa jiko la mke wa tajiri, akiangalia.

"Alikuwa ananifukuza," akasema. "Ati dereva anahesabu pilipili."

"Ulikuwa unahesabu?"

"Saba."

Nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Alikula amesimama, wali wa jana kwenye kifuniko cha sufuria, akifinya jicho moja. Akaongeza. Akaongeza tena. Nilikuwa na mizaha kama kumi hivi ya kumtupia, nikaimeza yote, nisije nikamkatiza.

Mama akaingia na kikapu chake, akatukuta wote wawili nyuma ya pazia.

"Tumekuwekea," baba akamwambia, mdomo bado umejaa.

Mama akafunua sufuria. Ndani kulikuwa na kipande kimoja cha tangawizi. Akakaa juu ya debe la maji, akacheka mpaka akajifuta macho na leso.