Chumvi Kwenye Chai ya Mama

Juzi, kwenye duka la mitumba, niliona skafu yenye mistari ya timu ya Mama, na mkono wangu ukakumbuka chumvi.

Mama alikuwa muuguzi. Kabla hatujahamia Winson Green, mtaa wa Birmingham, alifanya kazi kaskazini mwa Uingereza, na huko ndiko alikoipenda raga ya ligi, ile ya wachezaji kumi na watatu kila upande. Jumamosi mchana tuliitazama kwenye televisheni na jirani yetu Bwana Karim, Mhindi aliyetoka Kampala, shabiki wa wapinzani wakubwa wa Mama. Chumba kilinuka mafuta ya taa na iliki. Walikuwa na desturi yao: aliyeshinda humpikia chai aliyeshindwa.

Leo najua chai ile ilikuwa ya kumpa mtu pole. Wakati ule nilidhani ni ya kumcheka Mama. Kwa hiyo siku timu yake iliposhindwa dakika ya mwisho, Bwana Karim akiwa jikoni kwetu anatafuta kisahani, nilimwaga chumvi kikombeni, ili Mama aiteme chai na Bwana Karim aaibike.

Mama alipiga funda moja, akanitazama, kisha akainywa yote polepole.

"Chai nzuri, Bwana Karim. Asante."

"Karibu, Mama Njeri. Vijana wako walijitahidi sana."

Jirani alipoondoka, Mama aliniambia, "Wetu wakishinda, wewe ndiye utakayempikia chai. Na utatia sukari."

Wakashindwa tena, na tena. Kila Jumamosi nilikaa mbele ya televisheni nimekumbatia kopo la sukari, nikiwaombea washinde.