Mashua Iliyomtapisha Mama Mkwe

Nilipooa kule Mtongwe, pwani, nyumba ile ilinipokea vizuri, ila walikuwa na kicheko kimoja kisichokwisha: mkwe wao wa bara hutapika baharini. Nimezaliwa Machakos, na kazi yangu iko stesheni ya reli, Miritini, ambako sakafu haiendi popote. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi wa mashua. Aliniambia kwa upole kwamba ubaya ni wa tumbo langu, nami nikaamini.

Kisha akamaliza mashua mpya ya tanga, ya faiba, nyepesi, pana, bapa chini. Ikiwa imefungwa ufukweni unasimama ukingoni na haiinami. Mashua kuukuu ya marehemu baba yao, ya mbao nzito na tumbo lililozama, ukiikanyaga tu inalala upande. Basi shemeji akasema hii mpya ndiyo dawa yangu. Tulikuwa na harusi Tiwi, akatuomba tuache gari twende kwa mashua hiyo. Mama mkwe, aliyekulia kwenye vyombo vya babake, alikaa karibu na omo, kule mbele, na sahani ya halua mapajani.

Mpaka mlango wa bandari, raha tupu. Hata nilijisifu. Tulipotoka nje na kuelekea kusini, mawimbi yakaanza kutujia ubavuni, na mashua ile pana ikawa kama sinia juu ya maji: wimbi likiinuka inainuka nalo, likishuka inarudi kwa kishindo kabla hujavuta pumzi. Shingo ilikuwa ikienda kwake na kichwa kwake. Nikainamia maji kama kawaida yangu. Nilipoinua uso nikamwona mama mkwe ameiweka halua chini, ameshika ukingo kwa mikono miwili, naye anatapika.

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alimfuta uso kwa mtandio. Shemeji alikuwa amekodoa macho, maana mama yao hakuwahi kutapika baharini maisha yake yote. Mimi nilimhurumia, wallahi, lakini moyoni kulikuwa na furaha ambayo mkwe hapaswi kuionyesha. Nilisogea nikampa maji. Akanywa, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "si tumbo lako. Ni chombo."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Mashua ya babako ilikwenda mrama, ikiyumba huku na huku taratibu, ukaweza kulala. Hii inashtuka."

Baada ya harusi tulirudi kwa gari la kukodi, mimi na mama mkwe kiti kimoja, tukisimuliana magonjwa ya safari kama marafiki wa zamani. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba chombo kigumu kuinama ufukweni mara nyingi ndicho chenye hasira baharini.

Shemeji alinuna siku chache, kisha akaanza kujaribu. Alijaza mchanga kwenye viroba, akavifunga katikati, chini kabisa, akanichukua nje ili nimpe habari. Nilikuwa kipimo chake. Farumi ile, huo uzito wa mchanga, ilisaidia, mshtuko ukapungua, ila upana ulibaki upana. Nilitapika, ila nilichelewa kutapika, na yeye akaliona hilo kuwa maendeleo. Mwishowe akaenda kuipima mashua ya babake kwa kamba, ubavu kwa ubavu.

Iliyofuata aliiunda kwa mbao: nyembamba zaidi, tumbo la kina, na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, mrefu. Viti aliviweka katikati, karibu na mlingoti, kwa sababu mama yake alimwambia omo ndiko kunakoruka zaidi. Siku ya kwanza tulipoipanda ilinilalia upande nikashika kila kitu kilichoshikika.

Nje ya bandari mawimbi yalitujia ubavuni vilevile. Mashua iliinama polepole, ikatulia kidogo, ikarudi polepole. Nilikula sambusa mbili. Mama mkwe alikuwa amelala, kichwa kwenye mapaja ya mke wangu, na shemeji alishika usukani akituashiria tuseme kwa sauti ya chini.