Siku Ambazo Sikugonga Kengele

Kazi ya kengele niliichukua kwa hasira, na nianze kwa kulisema hilo, maana watu wa usharika wetu wanapenda kusema niliitwa. Sikuitwa na mtu. Tulikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, mwanamke nikiwa peke yangu pale mezani, na mmoja wao akasema kwamba mgonga kengele wetu amelala kitandani na hatainuka tena, basi tununue spika, tuweke kengele ya kurekodi, mambo yaishe. Nikamuuliza kama na sala tutaiweka ya kurekodi. Mimi mdomo ninao, sikatai. Mchungaji akacheka, akasema basi mama, panda wewe. Nikasema nitapanda.

Kanisa letu liko Igogo, juu kwenye mawe yanayotazama ziwa. Hiyo kengele yenyewe ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo kwenye mwarobaini, nyuma ya kanisa, na unakigonga kwa nondo. Saa sita kamili mchana, kila siku ya Mungu, unagonga mara tatu, unatulia, mara tatu, unatulia, mara tatu tena. Huko chini watu wanaacha walichoshika, wanasali kidogo, wanaendelea. Mtu wa usharika akifariki unagonga kwa namna nyingine: pigo moja, unasema Baba Yetu mpaka mwisho, ndipo unagonga pigo la pili. Kwa hiyo nondo haiachwi pale mtini. Unashuka nayo, watoto wasije wakaichezea wakatangaza msiba usiokuwepo.

Mzee niliyempokea alikuwa ameigonga kwa zaidi ya miaka arobaini. Alikuwa Mjita, mvuvi wa zamani kutoka upande wa Mara, mfupi, si mtu wa maneno. Akimaliza pigo la tisa alikuwa anasema kwa sauti, "Nipo, Bwana," kisha anashuka zake. Tulipokuwa wasichana tulikuwa tunamwigiza na kucheka mpaka tunashika mbavu. Mkewe aliniambia kwamba hata siku waliyomzika mtoto wao wa kwanza alipanda, akagonga, akasema nipo, ndipo akashuka kulia.

Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, yuko kitandani, dirisha limeelekea mawe ya kanisa. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha alinieleza siku ya kwanza nilipokwenda kumwambia kwamba kazi yake nimepewa mimi. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia marahaba kwa shida, mdomo ukimvuta upande mmoja.

"Mwanangu," akasema, "mimi huwa naitwa na ile kengele. Hata nilipokuwa naigonga mwenyewe, nilijua naitwa. Nikiisikia, najibu. Siku nikiacha kuisikia nitajua Bwana ameniachisha kazi."

"Hutaacha kuisikia, baba. Mimi nitakuwepo."

Nililisema hivyo hivyo, kirahisi, kama mtu anavyosema karibu chakula.

Wiki za kwanza nilipanda kila siku. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mkuyuni, na kutoka pale mpaka kanisani ni jasho tupu. Lakini nilipanda, na jioni nikipita kumwona ananiambia nimegonga kwa haraka mno, au pigo la sita limelegea. Nilikuwa naudhika, kusema kweli. Mtu hawezi kunyanyua kijiko, lakini pigo la sita amelisikia.

Ukaja mwezi wa kwanza, shule zinafunguliwa. Anayeshona sare anajua mwezi huo ulivyo. Wazazi wanakaa mlangoni wanakutazama usoni, kila mmoja anataka sketi ya mwanawe leo hii. Siku moja nikainua kichwa kwenye cherehani nikakuta ni saa saba kasoro. Kengele sijagonga. Jioni nikaenda kwa mzee nikiwa nimejiandaa kuomba radhi, na kabla sijakaa akaniambia, "Leo umegonga vizuri. Taratibu. Umeanza kuielewa."

Nilijikausha. Nilifikiri ni ugonjwa, kichwa kimeanza kuchanganya siku. Ningemwambia ukweli pale pale, lakini alikuwa anatabasamu kwa nusu ya uso iliyobaki. Nikasema, "Ahsante, baba."

Basi shetani akanionyesha njia. Wiki ile sikupanda siku nne. Siku zote nne alinishukuru. Siku ya tano mkewe alinisindikiza mpaka nje, akavuta mlango nyuma yake, akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

"Mwanangu, hivi unapanda?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza.

"Mimi sisikii kitu. Jirani naye hasikii. Lakini yeye anasikia. Anageuza kichwa dirishani, anahesabu kwa kidole, tatu, tatu, tatu, halafu anajibu. Naangalia saa kwenye simu. Ni saa sita kamili, haipungui dakika. Na chumbani hakuna saa."

Nilisema nitapanda kesho, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Kesho yake nilipanda, lakini nilikwenda na nia mbaya. Nilitaka kukaa pale nisigonge, nione. Ilikuwa siku ya wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi wa jaa linaloungua. Walikuwa wamefunika ng'ambo yote, wanakuja polepole, na jua likawa la rangi ya chai. Ndege walikuwa wamenyamaza. Nikakaa juu ya jiwe, nondo mapajani, simu mkononi, natazama tarakimu.

Saa sita ikafika. Hakuna kilichogonga. Sikusikia hata upepo. Nikajisemea, unaona, mzee anaota tu. Nikasimama, na sijui kwa nini, nikanyoosha mkono nikakigusa kile chuma.

Kilikuwa kinatetemeka. Kidogo tu, kama simu inayoita ndani ya mkoba. Nilikishika kwa viganja viwili mpaka kikatulia, kikaanza tena, kikatulia, kikaanza tena. Huenda lilikuwa lori limepita barabarani chini. Huenda ilikuwa treni. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Siku ile sikujiambia kitu, nilishuka mbio mpaka kandambili moja ikabaki kwenye mawe.

Tangu siku ile sikukosa tena. Nilifunga kibanda saa tano na nusu, mzazi akinuna na anune. Niligonga kwa nguvu zangu zote mpaka bega likaniuma, na nilisikia milango ikifunguka huko chini. Siku ya tatu nikapita kwa mzee, nikijua sasa naweza kumtazama machoni.

Nilimkuta analia. Sikuwahi kumwona akilia.

"Siku ya tatu leo," akasema. "Haigongwi. Nimefanya kosa gani?"

Mkewe alikuwa amesimama pembeni na bakuli la uji, akasema, "Inagongwa, baba watoto. Mimi naisikia, leo hata masufuria yametikisika." Yeye akatikisa kichwa. Akasema kama ameachishwa angependa aambiwe tu, ni mtu mzima, asingegomba. Alichokuwa anakiogopa ndicho kilichokuwa kimelala naye pale kitandani, na aliyemletea ni mimi.

Nikapiga magoti kwenye sakafu, nikasema yote. Kwamba zile siku alizonishukuru sikuwepo, nilikuwa Mkuyuni nashona sketi. Kwamba siku hizi tatu asizosikia ndizo nilizopanda kweli. Nilisema haraka haraka ili nisije nikageuka. Niliposema habari ya chuma kutetemeka, mkewe aliweka bakuli chini.

Nilitegemea mzee anifukuze, na ningeona ni haki yake.

"Kwa hiyo Bwana alikuwa ananigongea mwenyewe," akasema, "na mimi nilikuwa nakushukuru wewe."

Hakusema kwa hasira, na hiyo iliniuma zaidi. Akafikiri kidogo, akasema, "Sasa wewe umerudi kazini, amekuachia."

"Na masikio yako, baba? Mwanzoni hata pigo la sita ulilisikia."

"Masikio ni haya ya mzee mgonjwa. Nondo ya mwanamke hayaisikii." Nadhani alitaka kunitania. Kisha akanishika mkono kwa ule wake mzima, akaniambia nigonge. Nisiache kwa sababu yeye hasikii.

Nilipotoka, mkewe akanifuata mpaka kwenye njia. Huyu mama simlaumu mpaka leo. Alinishika kanga, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usigonge. Kesho kaa nyumbani kwako. Ukiacha, atasikia tena. Amebakiza siku chache, mwache afe akijua anaitwa. Nani atakuuliza?"

Usiku huo nilimkasirikia Mungu waziwazi, nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nikitimiza kazi yangu, mzee anakufa akidhani ametupwa. Nikiiacha, anakufa kwa amani, na amani yenyewe naijua inatoka wapi na inanitisha. Mtu mzima anasema gonga, mkewe anasema usigonge, na wote wawili wanampenda Bwana kuliko ninavyompenda mimi.

Asubuhi nikapita kwao mapema. Nilimwambia yule mama, "Nitagonga. Ameniagiza mwenyewe. Lakini wewe unasikia. Kaa naye, mshike mkono, kila pigo ukilisikia mbinye kidole. Awe anasikia kwa mkono wako." Alinitazama kwa chuki kidogo, halafu uso wake ukalegea. Akasema atajaribu.

Nikapanda. Saa sita kamili nikagonga tatu, nikatulia, tatu, nikatulia, tatu. Niligonga taratibu, ili mama awahi. Kisha nikafunga nondo kwenye kanga, nikaiweka begani, nikaanza kushuka. Katikati ya mawe njia inapita kwenye upenyo mwembamba, humo husikii mji wala ziwa. Nilipita humo nikisikia miguu yangu tu.

Nilipotokea chini nilikuta wanawake wamesimama milangoni, wamejifunga kanga viunoni namna ya kwenda msibani. Muuza mihogo alikuwa ameshatoa sufuria motoni. Mmoja akaniambia pole. Nikamuuliza pole ya nini.

"Si wewe umegonga? Tumesikia msiba. Ni mzee, au siyo?"

Nilikimbia mpaka kwao. Mkewe alikuwa bado amekaa kitandani, amemshika mkono. Aliniambia mapigo yote tisa alimbinya, na baada ya la tisa mzee akasema nipo, wazi kabisa, mdomo haukumvuta. Akatulia. Halafu likaja pigo moja. Baadaye sana, lingine. Mama alikuwa anasema Baba Yetu katikati bila kujijua, na kila alipofika amina likagonga. Alidhani nimeambiwa na Roho. Hayo ya mwisho hakumbinya, kwa sababu mkono ulikuwa umeshalegea, na mzee alikuwa amegeuza kichwa dirishani mwenyewe.

Mimi nondo ilikuwa begani. Niliishusha nikaiweka sakafuni mbele yake.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa mpaka nje. Mchungaji akasimama mbele ya jeneza, akawaambia watu kwamba yuko mama mmoja mwaminifu, aliyemtangazia mtumishi mwenzake safari yake dakika ile ile alipoondoka, akaniomba nisimame nishukuriwe. Watu wakaanza kupiga makofi. Nilisimama, nikangoja wanyamaze.

Nikasema, "Yale tisa ni yangu. Hayo mengine sikuyagonga mimi, na sikuyasikia. Igogo nzima mmeyasikia, mimi peke yangu sikuyasikia."

Mchungaji alifungua Biblia yake, akaifunga. Yule mjane, pale mbele kando ya jeneza, aligeuka akaniangalia, akaniitikia kwa kichwa, ndiyo.

Naendelea kupanda. Wengine wananionea huruma, wengine wakikutana nami kwenye mawe wananipisha njia zaidi ya inavyohitajika. Nikimaliza pigo la tisa nashikilia chuma kwa mikono miwili mpaka kitulie kabisa, kisha nasimama pale dakika moja nzima nikiwa nimetega masikio, na kila siku naomba nisikie, na kila siku naomba nisisikie.