Mstari Uliobaki Nje ya Kama

Siku ile mume wangu alikuwa ng'ambo ya mto Lualaba, na mimi nilikuwa Kasongo, ndani ya chumba cha kompyuta cha shule ya misioni, nikijifunza kuandika programu pamoja na walimu wa shule nyingine. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mkurugenzi wetu alitaka mmoja wetu ajifunze ili baadaye awafundishe watoto, na wenzangu wote waliinamisha macho, nikabaki mimi.

Asubuhi baba watoto alikwenda kwa pikipiki hadi Nyangwe, ukingoni upande wetu wa mto, avuke kwa mtumbwi kumwona mama yake mgonjwa.

"Ukiona mvua, lala huko huko," nilimwomba.

"Nitarudi leo," alijibu, akaondoka.

Mchana wingu jeusi lilipanda upande wa mto. Nilimpigia simu, haikupita. Nikapiga tena, kimya.

Mwalimu wetu, kijana aliyetoka Bukavu, alitazama betri za sola. "Mufanye mbio. Jua imepotea, mashini zitazima."

Zoezi lilikuwa kuandika sharti kwa neno la Kiingereza if, yaani "si" ya Kifaransa na "kama" yetu. Kila mmoja achague jambo la nyumbani kwake. Mimi sikuwa na jambo lingine kichwani. Niliandika kwamba kama mvua inanyesha, mashine iseme "Lala ng'ambo", halafu chini yake, kwa siku isiyo na mvua, "Panda mtumbwi."

Kompyuta ilikataa. Mistari yote nilikuwa nimeianzia ukingoni.

"Mama mwalimu," kijana alisema, "mustari yenye iko chini ya kama, uiingize ndani kidogo. Pale mashini inajua ni mutoto wa ile kama."

Nikausukuma mstari wa kwanza ndani, wa pili nikausahau. Mashine ikauliza kama mvua inanyesha. Nikajibu ndiyo. Ikaandika: Lala ng'ambo. Panda mtumbwi.

Nje matone ya kwanza yalikuwa yakigonga mabati.

"Inamwambia avuke!" nilisema kwa sauti. Wanadarasa wenzangu wakageuka.

"Inamwambia nani, mama?" mmoja wao aliuliza.

"Mume wangu. Iko ng'ambo."

Kijana hakucheka. Alivuta kiti, akaketi karibu yangu. "Huu mustari wa pili iko inje ya kama. Mashini itausema kila mara, mvua ikuwe, isikuwe. Weka else, ni kusema 'kama sivyo', ianzie sawasawa na if. Kisha ingiza mustari ndani, chini yake."

Nikafuta, nikaandika upya. Nilipojibu ndiyo, mashine ilisema Lala ng'ambo, basi. Nilipojibu hapana, ikasema Panda mtumbwi.

"Ni vile," kijana alisema. Muda si mrefu skrini zikazima.

Nilirudi nyumbani nikilowa. Watoto waliuliza baba yao yuko wapi, nikawaambia yuko njiani, ingawa sikujua. Chakula nilikipakua, mimi sikula.

Asubuhi simu ililia. "Niko Nyangwe," alisema. "Tulivuka jana na mvua. Maji iliingia mu mtumbwi, tulikuwa tunaitoa na sahani mupaka tukafika. Barabara imejaa matope, ndiyo maana nimelala huku."

"Mbona ulivuka?"

"Nilikuambia nitarudi."

Nilikaa chini palepale mlangoni. Maneno ya kumgombeza yalikuwa mengi. Badala yake nilimwuliza hali ya mama yake. Akasema ameanza kunywa uji.