Mahali Pasipo na Mtu wa Kutusalimia

Juzi madamu ninayemwendeshea gari kule Nyarutarama alinionyesha hema jipya walilofunga juu ya paa la gari lao. Ukivuta kamba linainuka lenyewe, na ngazi yake inashuka. Walikuwa wamelipeleka mbugani siku za mapumziko, wakarudi wamenuna, maana nusu ya Kigali ilikuwa na wazo hilohilo. Walilala magari yamebanana, redio ya huyu sikioni mwa yule.

"Wewe mtoto wa hapa," akaniambia, "hujui mahali mtu anaweza kuegesha gari akalala bila kuona watu?"

Nilicheka mpaka nikashika usukani. Rafiki yangu, mahali hapo mimi nimepatafuta tangu nikiwa na meno ya utoto.

Jioni ile nilifika nyumbani Niboye nikamkuta baba sebuleni, redio imefunguliwa mwisho. Jirani wa huko alikuwa anagonga geti kulalamika, na baba hasikii redio wala geti. Daktari alikwishatuambia: sikio la kushoto limekwenda, na la kulia liko njiani kulifuata. Bado anakusikia ukikaa karibu naye na pakiwa kimya kabisa, lakini pikipiki moja ikipita barabarani umempoteza. Na Niboye pikipiki hazipiti moja. Nilizima redio, nikasimama pale nikijisemea kwamba jambo lile tuliloliacha katikati nitalimaliza kabla sikio hilo halijafunga, nipende nisipende.

Jambo lenyewe lilianzia mtaa wa Biryogo, hapahapa Kigali, ndiko nilikozaliwa. Leo ukienda utakuta barabara imepakwa rangi, magari hayaingii, watu wamekaa vitini wanakunywa chai ya tangawizi na kupigana picha. Wakati wetu palikuwa na vichochoro vya udongo mwekundu, na nyumba zimeegemeana kama watu waliochoka kusimama. Sisi tulikuwa na vyumba viwili kwenye ua wa familia nne. Nyuma ya ukuta wa jikoni kwetu aliishi jirani mmoja mshonaji, mwanamke mnene mcheshi, na cherehani yake tuliisikia kuanzia adhana ya alfajiri. Yeye naye alisikia kila kitu chetu. Mama akiuliza, "Nimeweka wapi chumvi?" jirani alijibu kutoka ng'ambo, "Jana uliiweka juu ya kabati."

Sasa, mama yangu alikuwa na sauti. Sisemi sauti nzuri tu. Baba aliisikia kabla hajamwona mwenyewe. Alikuwa kijana anayeuza vitenge kwenye masoko ya mashambani, pikapu ikachemka kando ya ziwa Muhazi, akashuka kuchota maji, na ng'ambo ya maji msichana akawa anaimba migombani. Maneno hayakumfikia, ulimfikia mwendo wa wimbo peke yake. Alirudi pale soko baada ya soko mpaka akaambiwa ni binti ya nani.

Kisha akamwoa, akamleta Biryogo, na sauti ikazimika. Mama alikuwa mwenye haya. Kila alipojaribu kuimba, jirani aligonga ukuta na kusema, "Rudia ile ya mwanzo, mama, niko kwenye kola." Alimaanisha mema, lakini mama alikufa kwa aibu akabaki kuimba kwa pua, chini chini, juu ya sufuria. Baba alipoumwa na jambo hilo alisema neno moja, nami nililisikia mara nyingi: "Nilioa sauti, nikaja kuifungia chumbani." Alimwomba amtajie tu maneno ya wimbo ule wa ziwani. Mama alikataa. Alisema wimbo hausimuliwi, siku moja watapata nafasi naye atauimba wote.

Basi baba akaanza kutafuta nafasi.

Ijumaa baada ya swala, kama hakuna soko kesho yake, alitoa marobota ya vitenge kwenye pikapu akaweka godoro. Mama alipakia jiko la mkaa, chapati zilizofungwa kitambaani zikiwa bado za moto, isombe ya majani ya muhogo kwenye bakuli lenye kifuniko, na chupa ya chai ya maziwa. Mimi nilikaa nyuma chini ya turubai, na mpaka leo nikinusa turubai lenye unyevu nasikia njaa. Baba alikuwa na sheria zake za kuchagua mahali. Penye kizibo cha chupa, ondoka. Penye njia ya miguu, hata iwe nyembamba kama uzi, ondoka. Penye mavi ya mbuzi, usizime hata injini, kwa sababu mbuzi ana mwenyewe, mwenyewe ana watoto, na watoto wana wenzao.

Unaijua nchi yetu. Ukisimama kandokando ya barabara ukidhani uko peke yako, kabla hujafunga mlango kichaka kimekusalimia, "Muraho!" Mlima Kigali tulikuta kwaya imejificha kwenye mikaratusi, nayo inatafuta mahali pa utulivu pa kufanyia mazoezi. Kule Muhazi chai haijachemka watoto walikwishajipanga kwenye tuta, wamekunja mikono, wanatutazama kama harusi. Mama akawagawia chapati, kwa hiyo safari iliyofuata wakaja na wadogo zao. Mtu mzima mmoja alitembea kilima kizima kuja kutuuliza, "Gari iko na shida?" Baba akasema hapana. "Basi munafanya nini hapa?" Baba akasema tunapumzika. Yule mzee akakaa chini kupumzika na sisi.

Mama alicheka, alicheka sana, na wimbo ukarudi nyumbani kama ulivyokuja. Baba hakucheka. Akiwasha gari alisema, "Tutapata tu." Alisema hivyo kila mara, kwa sauti ileile, na mimi sikuwahi kumtilia shaka.

Na kweli siku moja tulipata. Ilikuwa ng'ambo ya mto Nyabarongo, kwenye barabara ya zamani iliyoliwa na mvua ikaachwa. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, hazijakanyagwa. Baba aliikagua yote kwa miguu, akarudi anatabasamu. Tulikula, tukalala, hakuja mtu.

Alfajiri wazazi waliswali kando ya gari. Ukungu ulikuwa umelala bondeni juu ya mafunjo, na mkaa ulikuwa unaanza kushika. Mama akapepea jiko, akatazama huku na huku, kisha akaanza kuimba. Mwanzo ilikuwa ile sauti ya jikoni. Halafu akaiachia. Sikujua kwamba mama yangu alikuwa na kitu kikubwa namna ile mwilini. Wimbo ulikuwa wa msichana aliyetumwa maji ziwani akakawia. Mama yake anasimama mlimani kumwita, haitiki. Anamwita tena kwa jina lake la utotoni, haitiki. Baba alikuwa amekaa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu, kikombe mkononi, hanywi.

Mimi ndiye niliyeviona vichwa. Chini, kwenye kona ya barabara, kijiji kizima kilikuwa kimesimama na majembe na mapanga ya kufyekea, kimya, watu na watoto wao. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, nchi nzima inapotoka kufanya kazi ya pamoja na magari hayatembei mpaka kazi iishe. Biryogo tulikuwa tunakumbushwa na kipaza sauti cha mtaa Ijumaa jioni, na sisi Ijumaa hiyo tulikuwa tumekwishatoroka. Kazi yao ya siku hiyo ilikuwa kufungua ile barabara ya zamani. Katika vilima vyote vya Rwanda, baba alikuwa ametafuta, akapima, akachagua mahali pekee ambapo mudugudu mzima, yaani kijiji chote, ungekutana asubuhi.

Mama aliwaona, akakata wimbo katikati ya mwito, akajifunika uso kwa kitenge. Kiongozi wa mudugudu, mama mmoja aliyevaa mabuti ya mpira, akasogea. "Endelea, mama. Tulikuwa tunangoja umalize." Mama akatikisa kichwa ndani ya kitenge. Hakuendelea. Kwa kuwa gari haliwezi kuondoka, tulipewa majembe, tukalima barabara pamoja nao. Wanawake walimtania mama mpaka akacheka. Baba alilima kwa hasira, mtu angedhani ardhi imemtukana.

Tukiwa njiani kurudi, mama alimwambia, "Si umenisikia? Inatosha."

"Nimesikia nusu," baba akasema. "Tutapata tu."

Hatukupata tena. Mama aliugua, na pikapu ikauzwa, na tukahesabu safari kwa kwenda na kurudi hospitali. Alitutoka nikiwa sekondari, Mungu amrehemu. Wimbo ulibaki pale kwenye kona ya barabara, msichana haitiki. Baba hakuutaja, ila mara moja, tumetoka makaburini, aliniuliza kama nadhani yule mtoto alizama. Sikuelewa anamsema nani mpaka usiku nimelala.

Kwa hiyo baada ya lile swali la madamu nilikwenda Biryogo, moja kwa moja kwa jirani yetu wa ukutani. Bado yupo. Amekuwa mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na cherehani ni ileile. Nilimweleza ninachotaka. Akanitazama kama nimemuuliza jina lake.

"Baba yako akienda masokoni nawe ukiwa shuleni, unadhani mama yako alikuwa anamwimbia nani?" akasema. "Alikuwa ananiimbia mimi. Kwa ukutani. Wote, mpaka mwisho."

Nililia pale pale, kati ya vipande vya kitambaa. Halafu nikafuta uso na tukaanza. Mimi sauti ya mama sikurithi, nimerithi magoti yake tu. Jirani alinirudisha mwanzo, akanirudisha tena, akigonga meza kwa mkasi, mpaka nikaushika.

Kilichobaki kilikuwa mahali. Ijumaa moja nilitazama kalenda vizuri, nikamweka baba kwenye kigari changu, godoro nyuma, chapati kitambaani. Kwanza kilima cha Rebero: maharusi wawili wanapigwa picha na kile kidude kinachoruka kinawazungukia kama nyuki. Tukashuka, tukavuka Nyabarongo. Ile barabara yetu ya zamani sasa imetandikwa mawe, ina nguzo za taa na maduka, na kwenye kona ile pameandikwa mahali pa kuosha magari. Baba alishuka akatafuta mavi ya mbuzi kwa fimbo, kwa mazoea.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho baba katika miaka yake yote hakukifanya. Niliuliza. Nilikwenda kwenye nyumba ya kwanza nikasema ukweli: mzee wangu masikio yanamwisha, nataka kumwimbia wimbo mmoja mahali pasipo na kelele, natafuta pa kulaza gari. Wakaniitia bibi mmoja kutoka uani. Hakuwa na mabuti, lakini nilimjua, naye alimtazama baba muda mrefu.

"Mume wa yule mama wa asubuhi," akasema. "Kumbe. Na sisi tulisikia nusu."

Alituonyesha machimbo ya mawe yaliyoachwa, chini ya kilima, ambako yalitoka mawe ya barabara. Kuta za mwamba pande zote, hakuna njia kwa sababu hakuna pa kwenda. Akasema atapita nyumba kwa nyumba. Na alipita. Jioni ile tuliwaona watu kule juu ukingoni wakirudi kutoka mashambani, na hakuna aliyetuita, hata mtoto. Rafiki yangu, kwetu mtu kukuona na asikusalimie ni jambo gumu kuliko kukupa ng'ombe. Walitupa.

Alfajiri palikuwa kimya hivi kwamba nilisikia mkaa ukipasuka jikoni. Nilimkalisha baba kwenye mlango wa nyuma, sikio la kulia upande wangu, nikashika mkono wake. Nikaimba. Sauti ilikwaruza, mwamba ukanirudishia ikiwa nene kidogo, nikapata moyo. Mama anasimama mlimani, anaita. Anaita tena. Nilipofika kwenye ile kona baba alinibana vidole. Sikusimama. Anaita mara ya tatu, na kutoka ziwani msichana anaitika: nakuja mama, mtungi umejaa, nilikuwa nasikiliza maji.

Baba alibaki anatazama mwamba. Nilidhani hakusikia, nikainama nirudie karibu zaidi.

"Kumbe aliitika," akasema.

Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyajali. Nilimwacha. Pikapu imekwenda, ua wa familia nne umekwenda, nyasi za kiunoni zimekwenda, na yule aliyeufanya wimbo huu uwe wimbo hayupo. Kilichobaki kilikuwa kwenye ukuta wa jirani na kwenye koo langu baya.

Baada ya muda baba akainua uso, akatazama ukingo wa machimbo, kule juu ambako tangu jana alikuwa ameshukuru kutosalimiwa na mtu.

"Anza tena mwanzo," akaniambia. "Kwa nguvu sasa, na wale wa juu wasikie nusu iliyobaki."