Redio Atuma Sauti Mojamoja

Mdogo wangu wa kiume tunamwita Redio, kwa sababu hajui kunyamaza. Ukianza sentensi, anaimalizia yeye, tena vibaya. Ana chumba cha kurekodi nyuma ya saluni yangu, kuta zote kazibandika magodoro, na akiwa kazini mimi inabidi nizime madraya, wateja wangu wakae na vichwa vibichi. Nitafanyaje, ni ndugu yangu.

Wakati huo mkewe alikuwa amerudi kwao. Hakupigwa wala hakulala njaa. Alichoka kukatizwa tu. "Wifi," aliniambia akifunga begi, "tangu nimeolewa sijawahi kumaliza habari hata moja." Redio akawa hali, halali, kila asubuhi ananijia na macho mekundu kuniuliza kama mkewe atarudi. Mimi nitajuaje.

Sasa, kabla ya hayo yote wenyewe wawili walikuwa wamemwahidi rafiki yao wimbo wa harusi: mume anauliza, mke anajibu. Wifi yangu si mtu wa kuvunja ahadi. Akaja, akasema ataimba, ila Redio asimwone humo chumbani. Nikamtimua Redio nje, nikamvalisha wifi hedifoni asikie wimbo ukipigwa na sauti ya mumewe iliyokwisha kurekodiwa, nikabonyeza kitufe chekundu nilichoonyeshwa, nikarudi kwa mteja wangu. Alipomaliza akaniaga, akaenda zake.

Kumiksi, yaani kuchanganya sauti zote ziwe wimbo mmoja, si kazi ya Redio. Hiyo anamwachia fundi mmoja mwenye studio kubwa, mzee mkali kama pilipili, anayetaka kila sauti aletewe kwenye faili yake: ngoma peke yake, besi peke yake, kila mwimbaji peke yake. Redio akatuma. Kesho yake fundi akapiga simu, na Redio akaiweka spika maana alikuwa ananisaidia kukunja taulo.

"Kijana, huu ni wimbo wa harusi au mnada?" fundi akauliza. "Mume hajamaliza kuuliza, mke keshajibu. Gitaa la mwisho linalia mwanzoni. Umefanya nini?"

"Nimesafisha, mzee. Pale ambapo mtu alikuwa hajaanza kuimba nimepaondoa, ili faili ziwe..."

"Ngoja nimalize. Ukizikata hivyo, kwangu zote zinaanza kwa mpigo. Nitajuaje nani alimsubiri nani? Faili zote zianze pamoja na ziishe pamoja, hata kama mtu kakaa kimya nusu ya wimbo. Huo ukimya nao nitumie."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Redio hakucheka. Alikwenda kwenye kompyuta yake, nami nikamfuata na taulo begani, maana umbea nao una raha yake. Akakivuta kipande cha sauti ya mkewe kirudi hadi mwanzo wa wimbo, pale alipokuwa amepafyeka bila hata kupasikiliza, akakipiga chenyewe ili kuhakikisha.

Kwanza tukasikia pumzi tu. Halafu sauti ya chini, ya mtu anayemsikia mumewe masikioni na anayejua yuko peke yake chumbani.

"Hapo umeimba vizuri, mume wangu. Na mimi nimekukumbuka. Lakini nikirudi, utanisikiliza?" Kisha akakohoa, akaanza kuimba.

Redio akairudisha, akasikiliza tena. Nikamsubiri aseme neno, hata la kipuuzi. Hakusema. Niliingiwa na hofu, nikamgusa paji la uso nione kama ana homa. Akavaa viatu, akatoka, na faili za watu akaziacha hapo hapo.

Jioni walirudi wote wawili. Habari kamili nilipewa na wifi siku iliyofuata nikiwa namsuka.

"Alisimama mlangoni kwetu, hata salamu hakutoa," akasema. "Nikaanza kumwambia yote. Kila nikipumua namsubiri anidakie, hanidakii. Nikasema, wifi, nikasema mpaka ya siku ya harusi yetu. Nilipofika mwisho akaniuliza kama kuna lililobaki."

"Ukamjibu nini?"

"Nilitafuta, nikakosa," akasema, akijifuta macho kwa taulo yangu safi. "Nikashangaa nimeshashika begi."