Kinyonga wangu alivyopikwa ndani ya nylon, Kibera hadi Kawangware

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa zamani na wageni.

Hii ni story yangu mwenyewe, si ya kuambiwa. Nimesoma uzi wa jamaa anayetaka kutuma kinyonga kwa basi wakati wa joto, hasira yangu ya zamani ikaamka.

Ilikuwa Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mimi fundi viatu, nilikuwa nimepanga Sarang'ombe, Kibera. Nilikuwa na kinyonga jike wa milimani, ile aina ambayo dume lina pembe tatu. Nilimwita Kamene. Wakamba humpa mtoto jina hilo, "anayechukiwa", ili kifo kimdharau kipite.

Mambo ya sheria ya wanyamapori mtanihubiria baadaye, tulieni.

Kamene alikuwa na mimba. Vinyonga wa aina hii hawatagi, wanazaa. Na joto hawaliwezi kabisa. Wamezoea ukungu. Ukimwacha chini ya mabati saa za mchana, umemuua.

Mambo yalipochacha ikabidi nihamie kwa dada yangu Kabiro, Kawangware. Vijana walikuwa wamefunga barabara, wanauliza jina wajue kabila lako. Langu halingepita. Kwa hivyo mimi nilikuwa nipite vichochoroni kwa miguu, na vitu vyangu viende kwa pickup ya jirani yangu, Baba Toni. Yeye jina lake lilipita bila shida. Kutembea na kinyonga mkononi siku zile? Ningeitwa mchawi kabla sijafika mbali.

Nilimpakia vizuri. Usiku uliotangulia sikumlisha. Nikamweka kwenye mfuko wa pamba na majani mabichi yenye maji kidogo, mfuko nikauweka ndani ya katoni. Nikatoboa mashimo pande zote kwa msumari. Juu nikaandika USIWEKE JUANI.

Asubuhi na mapema nikampa Baba Toni mkononi. Nikamweleza: hii inakaa mbele na wewe, kwa kivuli, dirisha wazi, mashimo yasizibwe. Ana mimba.

"Sawa kabisa, fundi. Usijali," akasema, huku anatabasamu.

Nikaenda zangu na moyo mweupe.

Nilifika Kabiro kabla yake. Barabara zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo alizunguka sana. Pickup ilipoingia kwa plot ya dada jua lilikuwa la utosi. Nikaangalia mbele. Hakuna katoni.

Ilikuwa juu ya magodoro, imefungwa kamba, imevikwa nylon nyeusi mara mbili. Na mashimo yangu? Ameyaziba yote kwa selotepu. Moja baada ya lingine, wakuu. Mtu alikaa chini akafanya hiyo kazi.

Nikaipasua kwa meno. Mvuke ulinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Kamene alikuwa amelala upande, rangi imemtoka amekuwa kama majivu, mdomo wazi.

Nilimtoa nikamweka kivulini, nikamdondoshea maji ya kawaida. Si ya baridi, hayo pia huua. Jicho moja likazunguka, likanitazama. Nikadhani tumepona.

Hatukupona. Jioni haikufika. Alikufa na watoto wake tumboni.

"Baba Toni, nylon ilikuwa ya nini?"

"Buda, hiyo kitu ikinipumulia njia yote nitaendesha aje? Ni mkosi! Na hao machali waliofunga barabara wakiiona, si watachoma gari na mimi ndani?"

"Sasa mbona uliniambia sawa?"

Akainama. "Ulikuwa na shida mingi, fundi. Sikutaka kukuongezea ingine."

Nikamshika Kamene, nikalia. Mpangaji mmoja pale akaniambia, "Wewe, watu wanakufa huko nje, unalilia mdudu?"

Ndiyo, nilimlilia. Watu walikuwa wanakufa na sikuweza kumwokoa hata mmoja. Huyu ningeweza. Nilikuwa nimefanya kila kitu sawa!

Kwa hivyo wewe unayetaka kutuma: kuna joto, usitume. Ngoja. Kama ni lazima, nenda naye mwenyewe alfajiri. Na kabla hujauliza dereva kama ana nafasi, muulize kama anamwogopa mnyama. Muulize mara ya pili, maana ulimi hauna mfupa.

Wenye uzoefu leteni maoni. Wa kucheka, chekeni, nimezoea.

Lakini msiniambie Baba Toni alikuwa na huruma. Woga wake ninauelewa, hata mimi nilipita vichochoroni. Angesema hapana, ningekasirika nusu saa, nikatafuta njia nyingine. Ile "sawa kabisa" yake naikasirikia mpaka leo.